Ramani Iliyochorwa Likizoni

Sipendi mikutano, na kazi yangu ni mikutano. Ndiyo maisha. Chuo kiliniajiri kuwa mratibu wa ushirikiano wetu na chuo kingine cha nchi ya mbali, ushirikiano wenye jina refu kiasi kwamba kwenye kitambulisho changu lilikatwa katikati: usimamizi endelevu wa ukanda wa pwani kwa njia ya makubaliano ya wadau. Kwa maneno ya kawaida, wataalamu wa vyuo viwili wanapima pwani na kuchora ramani, halafu wanawaketisha pamoja wavuvi, wenye hoteli, watu wa bandari na manispaa, wakubaliane nani afanye nini na wapi, ili bahari isitumalize sote. Ni kazi nzuri, wala sisemi kwa kejeli. Ufuo wetu unalika. Kuna watu ambao zamani walikuwa wakitembea kwenda baharini, na sasa bahari ndiyo inayotembea kuja kwao.

Nilipoingia, upimaji ulikuwa umekwisha. Mtangulizi wangu alipata kazi kubwa kwingine, akaniachia ofisi yenye dirisha lisilofunguka, feni inayozunguka ikijisikia, na ramani kubwa iliyoviringishwa nyuma ya mlango. Siku nilipopata nafasi niliifungua nikaibandika ukutani, halafu nikatafuta kwetu. Mtu akipewa ramani hutafuta kwao kwanza, hata awe profesa.

Kwetu palikuwa pamepakwa rangi ya kijani. Chini, kwenye maelezo ya rangi, kijani ilisomeka: eneo tupu, litapandwa mikoko.

Nilisogea karibu, nikarudi nyuma, nikasogea tena. Palikuwa ni pale pale. Pale ndipo kaka yangu anapotengeneza mashua, na kabla yake alikuwa baba, na kila mashua inayovua katika pwani ile imewahi kulala pale juu ya magogo, tumbo wazi, ikisubiri mbao mpya. Wenyewe wanapaita kwa Fundi. Ukifika katika miezi ya bahari mbaya hupati pa kuweka mguu. Mashua zimebanana mbavu kwa mbavu, vijana wanakwangua rangi, kaka yuko chini ya chombo cha mtu anapigilia pamba kwenye viungio ili maji yasipenye, na nyundo zinalia mpaka ukirudi nyumbani unazisikia bado. Hilo ndilo eneo tupu lenyewe.

Nilikwenda kwa mkuu wa mradi nikiwa nimeshachemka. Mkuu wetu ni profesa ambaye kwa siri tunamwita Kifungu, kwa sababu hawezi kukuomba kalamu bila kutaja kifungu cha makubaliano kinachomruhusu. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyeumwa na nyoka wa wafadhili, sasa akiona unyasi anashtuka.

"Profesa, ramani ina kosa," nilimwambia. "Pale kwenye kijani si patupu. Pana watu na kazi yao."

Hakubisha. Alifungua kompyuta akanionyesha picha za droni, mwaka baada ya mwaka, kwa miaka sita. Mchanga mweupe, magogo machache yamelala ovyo, na kibanda cha mabati. Kwenye ripoti kibanda kiliandikwa kuwa kimeachwa. Ndani ya kibanda hicho kaka yangu ana benchi, vise ya kubania mbao, misumeno na kitanda cha kamba anachopumzikia mchana, lakini kutoka angani huonekana bati tu.

Ndipo nilipotazama tarehe. Picha zote, miaka yote, zilipigwa katika likizo ndefu. Nilitaka kucheka na nilitaka kutupa kitu. Watafiti wa vyuo vyote viwili ni walimu, muhula ukiendelea wako darasani, kwa hiyo hupima pwani likizoni tu. Na likizo ndefu inaangukia miezi ya bahari nzuri, wakati hakuna mvuvi mwenye akili anayeacha mashua yake nchi kavu. Bahari ikichafuka mashua zinarudi kwa Fundi, na walimu nao wanarudi darasani. Miaka sita walifika hospitali siku ambazo mji mzima una afya, wakaandika kwamba hakuna hospitali.

Nilimweleza Profesa. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Huyo fundi ni nani wako?"

"Ni kaka yangu. Tumbo moja."

"Basi una maslahi. Kifungu cha tisa. Huwezi kuliwasilisha wewe." Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, "Lakini mwenyewe anaweza kuja kwenye mkutano wa wadau akalisema. Ramani inabadilishwa na wadau, si na mimi."

Jioni hiyo nilikwenda kwa kaka. Wifi yangu alinifungulia mlango, na kabla sijavua viatu alishanianza.

"Karibu, msomi wetu. Tumesikia mmepanda miti juu ya kitanda cha mume wangu."

"Umesikia kwa nani, wifi?"

"Kwa watu wa hoteli. Wao wameshaanza kuwaambia wageni wao kwamba mwakani watapiga makasia kwenye msitu. Nyie mmesoma mpaka mmeacha kuona."

Mimi na wifi hatujawahi kusalimiana bila kuchomana, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Kaka alikuwa mezani, anakula polepole kama kawaida yake. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kufika kwenye mikutano tangu mwanzo.

"Sikuitwa," alisema. "Wavuvi waliitwa, mimi sivui. Hoteli iliitwa, mimi sina hoteli. Nilijua Mwenyekiti yuko kule, nikasema atanisemea."

Mwenyekiti ni kiongozi wa wavuvi, mtu mzima, sauti kama ngoma, mwenye mashua kubwa kuliko zote pale. Kaka ameitengeneza tangu ilipokuwa mkuku tu, uti wa mgongo bila mbavu.

"Hakukusemea, kaka. Alipiga kura ya ndiyo."

Kaka aliendelea kutafuna. "Asiyekuwepo na lake halipo," alisema mwishoni.

"Wakipachukua utahamia wapi?"

"Wapi? Huku ni mawe, kule ni ukuta wa bandari. Mashua haipandi ukuta." Alinawa mikono. "Nitakwenda mjini kuranda milango. Watu hawaachi kuhitaji milango."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonikata maini. Kaka yangu akiitazama mbao anajua itapindia wapi ikilowa. Nilimwona akilini mwangu kwenye duka la fremu, kando ya barabara, akipiga msasa milango ya vyoo. Nilimwambia mkutano ujao atakuja hata kama itabidi nimbebe mgongoni.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa manispaa. Kwa kuwa ulikuwa muhula, Daktari, yaani mtafiti mkuu wa chuo kile kingine, alihudhuria kwa skrini. Uso wake ulikuwa ukiganda mdomo wazi kila alipofika kwenye jambo la maana. Kaka alivaa shati la kunyooshwa na kukaa safu ya nyuma. Ajenda yake ilipofika alisimama, akasema kwa maneno machache kwamba pale pana kazi, na kwamba kazi ile ndiyo inayofanya mashua zielee.

Watu waligeuka kumtazama Mwenyekiti.

"Mimi ramani niliiangalia upande wa maji," Mwenyekiti alisema. "Nilikuwa nabishania mwamba tuliokatazwa kuvua. Nchi kavu sikuitazama."

Ukumbi ulicheka. Yeye hakucheka. Mashua yake mwenyewe ilikuwa kwa kaka siku hiyo hiyo, mbao za chini zimeng'olewa, na naamini ndipo alipopaona mahali ilipolala.

Nilikuwa nimeandaa picha za simu, mashua zimejaa ufuo mzima. Profesa aliruhusu zionyeshwe, jambo ambalo sikulitarajia. Mwenye hoteli akanyanyua mkono. Ni mtu mpole, manukato mengi, anayekuita dada huku anakunyang'anya kiti.

"Hizi picha ni nzuri sana," alisema. "Ila picha inaweza kupigwa popote. Wataalamu wamepima miaka sita. Tukianza kubadilisha ramani kwa picha za simu, kesho kila mtu ataleta zake, na makubaliano yatakufa. Na mnajua nyumba za nyuma pale zinaliwa. Mikoko itaziokoa."

Kwa hilo la mwisho hakusema uongo, na ndiyo maana liliniudhi zaidi. Kaka mwenyewe aliinuka tena, akasema mikoko ipandwe kulia na kushoto, hata leo, naye atachimba mashimo kwa mikono yake, ila waache njia ya kupandishia mashua na mahali pa kuzilaza. Watu wengi walitikisa vichwa kukubali.

Daktari aliganduka. "Fundi nimekuelewa," alisema. Anaongea Kiswahili kizuri, cha taratibu. "Kosa kama lipo ni letu, na linasahihishika. Profesa, kifungu kinasemaje?"

Profesa alikuwa ameshakifungua. Kifungu cha kumi na nne: eneo litahesabiwa kuwa linatumika ikiwa wahakiki wa vyuo vyote viwili watafika pamoja na kulikuta linatumika.

"Basi nitakuja mwenyewe," alisema Daktari. "Nitakuja likizo ikianza tu."

Kisha mtu wa bandari akapasuka kwa kicheko, wakafuata wengine, na Daktari kule alikokuwa akabaki anatutazama, hajui anachekwa nani. Nilichukua kipaza sauti, kifungu cha tisa kikanisamehe, nikamweleza kwamba likizoni atakuta mchanga. Aliinamisha uso.

"Naelewa," alisema. "Kweli naelewa. Lakini nina madarasa, na hakuna wa kunishikia. Nikikosa likizo hiyo, makubaliano yanasainiwa kwa ramani iliyopo. Fundi, likizoni hakuna hata mashua moja?"

"Bahari ikiwa nzuri, hakuna," alijibu kaka. Hajui kudanganya, hata pale ambapo uongo ungemwokoa.

Muhula ulikwenda. Nilimsumbua Daktari kwa simu, nikamsumbua Profesa mpaka akaanza kupitia mlango wa nyuma. Tarehe haikusogea. Wazo lililobaki lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulitenda: mtu mmoja aache mashua yake kwa Fundi, bahari ikiwa nzuri, mpaka wahakiki wafike. Nilimwambia kaka nitazunguka kwa wavuvi kuomba.

"Usithubutu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza miaka mingi kuniinulia sauti. "Mwaka mzima watu wanaishi kwa miezi hiyo. Unamwombaje mtu aache riziki yake kwa ajili ya uwanja wangu? Nitamtazama vipi mkewe?"

Sikuzunguka. Nilimtii, nikamkasirikia, yote mawili kwa pamoja.

Bahari ikatulia, na kuanzia hapo kila asubuhi wanaume walikusanyika kwa kaka kushua mashua, mabega yote kwenye ubavu wa chombo, mmoja anahesabu, wengine wanasukuma. Ufuo ukaanza kuonekana mchanga. Nilikuwa nikipita kabla ya kwenda ofisini, na kila mashua iliyoingia majini ilinipunguzia pumzi. Ya mwisho kumalizika ilikuwa ya Mwenyekiti, kwa kuwa ndiyo kubwa. Ilikuwa imepakwa rangi mpya na mbao zake zimekaza kama meno. Wanaume walijipanga ubavuni. Mwenyekiti alifika, akaizunguka, akaigonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole.

"Fundi," alisema, "hii ing'oe mbao mbili za chini."

Kaka alifuta mikono. "Mbao zipi, Mwenyekiti? Zote nzima."

"Najua ni nzima. Ing'oe. Wageni wakija waikute mgonjwa."

Wale wanaume wakaondoa mabega ubavuni, mmoja mmoja.

"Sing'oi mbao ya chombo kizima," alisema kaka. "Siwezi. Mkono utakataa. Ishue mashua yako, mzee wangu, nenda kavue. Mimi nitajua la kufanya."

"Utajua kuranda milango." Mwenyekiti alikaa juu ya gogo. "Basi usiing'oe. Iache hivyo hivyo. Ni mashua yangu, nikitaka ilale hapa italala hapa, na ada ya kulala utanitajia. Nani atanisukuma mimi na mashua yangu?"

Kisha akaondoka. Hakusema samahani na hakutaja mkutano, maana si mtu wa maneno hayo. Kaka alibaki ameshika tambara, akifuta mahali pamoja tu pa ule ubavu.

Wote tulidhani ni suala la wiki moja. Daktari alisema likizo ikianza tu, na likizo ilikuwa mlangoni. Ikaanza. Akanipigia kwamba kibali chake cha safari kimekwama, atachelewa kidogo. Nikaenda kumwambia Mwenyekiti.

"Kidogo ni kidogo," alisema. "Nimeshaiweka."

Akapiga tena kwamba mwenzake anaumwa, lazima amsahihishie mitihani. Safari hii nilisimama nje ya mlango wa Mwenyekiti muda mrefu kabla ya kubisha. Mkewe alifungua, akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia mumewe hayupo. Hakunikaribisha ndani. Sikumlaumu. Samaki walikuwa wengi mwaka ule, na kila nyumba ya jirani ilinuka kaango.

Kaka alichoweza kufanya alikifanya. Aliikwangua ile mashua rangi akaipaka upya, akaikwangua tena, kwa sababu hakuweza kukaa karibu na chombo cha yule mzee mikono ikiwa mitupu. Wifi alisema mashua ile sasa ina rangi nyingi kuliko mbao, akageuka akafuta macho kwa pembe ya kanga yake.

Daktari alifika likizo ikielekea ukingoni. Tulikwenda ufukweni watatu, yeye, mimi na Profesa. Mchanga ulikuwa mweupe kama kwenye picha zile za angani, ila katikati yake palikuwa na mashua moja kubwa juu ya magogo, na kaka yangu chini yake, brashi mkononi. Daktari aliizunguka. Alichukua vipimo, akaingia kwenye kibanda, akashika vise, akatazama misumeno. Alifanya kazi yake bila haraka.

"Mwenye mashua yuko wapi?" aliuliza. "Nahitaji maelezo yake."

"Yuko baharini," alisema kaka.

"Na mashua yake iko hapa."

"Ndiyo."

"Anavua kwa chombo gani, basi?"

"Kwa mashua ya mpwa wake. Anavuta nyavu na vijana."

Daktari alimtazama kaka, akanitazama mimi. Nilijaribu kueleza, nikashindwa, machozi yakanitoka mbele ya wakuu wangu wote wawili, na sikuyaonea aibu. Profesa ndiye aliyemweleza. Alimweleza yote, mwamba na upande wa maji, tarehe mbili zilizosogezwa, bila kutaja kifungu hata kimoja. Daktari alikaa kwenye gogo.

"Kwa hiyo amenisubiri mimi," alisema.

Waliandika pale pale kwamba eneo linatumika, wakasaini wote wawili. Mikoko ingepandwa pande zote mbili, kazi ingeachwa katikati, na kwenye meza ya wadau kungekuwa na kiti cha fundi mashua. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, lakini furaha ilikaa kando ikisubiri jambo jingine lipite kwanza.

Mashua ya mpwa ilirudi wakati tunafunga mikoba. Mpwa alikuwa nyuma kwenye mashine, na mjomba wake mbele, suruali imekunjwa, mabega yamechubuliwa na kamba. "Mjomba, naomba ushike hapo," kijana alisema, na Mwenyekiti akaruka majini akashika. Alipotuona hakuharakisha. Alishusha makapu pamoja na wengine, akasubiri fungu lake, fungu la baharia, halafu akapanda hadi tulipokuwa. Kaka alimpokea kapu kwa mikono miwili.

"Wameona?" aliuliza.

"Wameona," alisema kaka. "Wamesaini. Kesho alfajiri naita watu, tuishue."

Mwenyekiti aligeuka akatazama bahari. Kwa mbali, nje ya mwamba, maji yalikuwa yameanza kukatika meupe, bahari inachafuka.

"Kuishua ya nini, Fundi," alisema. "Wenzangu wiki hii wanaanza kupandisha zao. Wapangie nafasi tu."